Theluji haichorwi kwa nyeupe peke yake

Mwanafunzi akitaka kuchora theluji, kwanza hukamua rangi nyeupe. Mimi humzuia mkono, nikamfungulia picha ya Harald Sohlberg wa Norwe. Sohlberg aliiona milima ya Rondane usiku wa baridi mwaka 1899, ikamkaa moyoni hadi 1914 alipokamilisha picha yake kubwa, "Usiku wa Baridi Milimani". Tafuta nyeupe tupu humo, utaipata kwa shida. Milima ni buluu, mabonde ni buluu iliyokolea zaidi, na baina ya vilele inawaka nyota moja. Mbele kuna miti myeusi isiyo na jani, nayo ndiyo inayoisogeza milima mbali nawe.

Kabla yake alikuwepo J. C. Dahl, mzaliwa wa Bergen aliyehamia Dresden, Ujerumani, na kuichora Norwe akiwa mbali nayo. Mti wake uliopindwa na dhoruba ukingoni mwa jabali, wa mwaka 1849, wengi wameuona kuwa ni Norwe yenyewe.

Lakini anayenigusa kuliko wote ni Peder Balke. Mwaka 1832 alisafiri kwa bahari hadi Nordkapp, rasi iliyo kaskazini kabisa mwa Norwe, na safari ile haikumtoka. Picha zilipokosa wanunuzi, alijichorea vipicha vidogo vidogo. Alitandaza rangi nyeusi nyepesi juu ya msingi mweupe, kisha akaifuta, pengine kwa kidole. Povu la wimbi na theluji ya mlimani ni ule msingi uliobaki wazi. Yaani Balke alipata mwanga kwa kuondoa rangi.

Akseli Gallen-Kallela wa Ufini alishughulika na maji. Katika picha ya ziwa Keitele ya mwaka 1905, iliyopo National Gallery ya London, mistari ya rangi ya fedha inakatiza ziwa kwa mshazari. Ni upepo unaopita juu ya maji yaliyotulia. Upepo hauonekani, ila njia yake unaiona.

Mwaka 1909 mchoraji huyo alihamia Kenya na familia yake, akakaa hadi 1911. Alizoea jua la chini lenye vivuli virefu. Huku akakutana na jua la utosini, kivuli kimejikunja miguuni. Fedha na kijivu vya Keitele vikaondoka, zikaja njano na nyekundu zinazowaka, zimepakwa kwa brashi ya haraka.