Jua Haliwaibii Wakulima wa Korosho Kilo Zao

Kila msimu, kuanzia minada inapofunguliwa hadi gunia la mwisho linapoingia ghalani, kauli ninayokutana nayo zaidi katika vyama vya msingi vya Tandahimba, Newala na Ruangwa ni kwamba kuanika korosho ni kulipa jua kilo ambazo mnunuzi angezilipia. Wakulima wanaisema, na linalonisikitisha zaidi ni kwamba hata baadhi ya makarani wa mizani, ambao ndio waliopaswa kuikanusha, wanaisema.

Tufanye hesabu. Mkulima mwenye kilo 100 za korosho zenye unyevu wa asilimia 14, akizikausha hadi asilimia 10, ambayo ndiyo ukomo wa unyevu unaokubalika, hubakiwa na kilo 95 na nusu hivi. Kilichopungua ni maji matupu. Maji hayo yasipotoka nyumbani kwake yatatoka ghalani, na huko upungufu si wake peke yake, kwa sababu uzito uliopokelewa hautalingana na ule utakaopakiwa kwenye lori la mnunuzi, na chama kizima kitatakiwa kuueleza. Tangu stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa mkulima kukabidhi mazao ghalani na kupewa risiti yakisubiri mnada, ianze kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, mazao ya wengi huuzwa kwa pamoja, hivyo uzembe wa mmoja humgharimu hata jirani aliyeanika vizuri.

Hasara kubwa zaidi imo ndani ya ganda. Korosho mbichi ikifungiwa kwenye gunia hupata joto, kisha ukungu huota. Mkaguzi huchoma bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea sampuli, juu, katikati na chini ya gunia, huchanganya alichokipata, hupima sampuli, kisha huikata kila korosho vipande viwili. Kwenye mzigo uliofungwa ungali na unyevu, uvundo hutangulia kabla ya macho kuona, na kiini ambacho kingekuwa cheupe hukutwa kimekuwa cha njano, kimezungukwa na utando wa kijivu. Kiini hicho hakihesabiwi. Daraja hutokana na ratili (ratili moja ni karibu nusu kilo) za kiini kizuri zinazopatikana katika gunia la kilo 80, na korosho ya daraja la kwanza hutoa ratili 48 au zaidi. Mnunuzi anayepeleka mzigo India au Vietnam anatafuta kiini, wala hana kazi na maji yetu.

Kwa hiyo nasisitiza, na nitaendelea kusisitiza: anika siku mbili au tatu za jua kali, juu ya jamvi au sakafu ya saruji iliyofagiliwa, geuza mara kwa mara, na ifunike jioni kabla ya umande. Bonyeza ganda kwa ukucha; likibaki na alama, irudishe juani.

Wengine huamini kwamba aliyepuliza salfa ya kutosha ameshajihakikishia daraja la kwanza. Salfa hukinga mkorosho dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga. Korosho ikishaanguka, salfa haina tena la kuifanyia. Wapo pia wanaopima ubora kwa ukubwa wa korosho, ilhali ganda kubwa linaweza kubeba kiini kilichosinyaa. Kuchuma mtini ili kuwahi mnada ni kuuza korosho isiyokomaa. Isubiriwe ianguke yenyewe. Mifuko ya salfeti nayo haipitishi hewa vizuri kama linavyopitisha gunia la juti, hata ikiwa rahisi kupatikana. Na anayechanganya korosho za msimu uliopita na mpya akidhani hazitatambulika, ajue kwamba kisu huzifichua zote mezani.

Imebaki dhana kwamba mkaguzi hupanga daraja kwa kuangalia sura ya mtu. Anayeamini hivyo aombe kusimama kando ya meza wakati sampuli yake inakatwa, aulize unyevu uliosomwa ni asilimia ngapi, na ahakikishe umeandikwa kabla mzigo wake haujachanganywa na wa wengine.