Je, wajua ni kwa nini mwani wa seli moja hutafuta mwenzi ukiwa na njaa?

Kwa mfugaji wa Nakuru au mkulima wa Trans Nzoia, uzazi huandamana na shibe: ng'ombe aliyelishwa vizuri hushika mimba upesi, na mahindi yaliyotiwa mbolea hubeba. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba mwani wa kijani nao huunda seli za uzazi, yaani gameti, pale maji yanapojaa virutubisho. Mambo ni kinyume kabisa. Chlamydomonas reinhardtii, mwani wa seli moja unaoishi katika udongo na maji yasiyo na chumvi, ukishiba hauhitaji mwenzi, kwani seli hujigawa zenyewe na watoto wote hufanana na mama. Naitrojeni, mojawapo ya virutubisho hivyo, inapokwisha ndipo seli hugeuka gameti, jambo ambalo watafiti Ruth Sager na Sam Granick walilieleza mwaka 1954. Dhana potofu hiyo hutokana na kuamini kwamba kujamiiana ni njia ya kuongeza idadi, ilhali hapa gameti mbili huungana zikawa seli moja, na idadi hupungua. Tusiuchanganye mwani huu na utando wa kijani wa Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria, ambao kwa sehemu kubwa ni bakteria wa kijani-buluu wasiounda gameti kamwe.

Lakini seli yenye njaa hupata wapi malighafi ya kujigeuza? Ni kama fundi wa mashua pale Dunga aliyeishiwa mbao, ambaye hubomoa mashua kuukuu, huchagua mbao nzima, kisha huunda chombo cha namna nyingine. Seli nayo huvunja sehemu kubwa ya ribosomu zake, ambazo ndizo mitambo ya kutengeneza protini, na kwa naitrojeni inayopatikana hutengeneza protini mpya chache za kazi maalumu. Mwanga pia unahitajika ili gameti zikomae.

Baadhi ya protini hizo hukaa juu ya vijeledi viwili ambavyo seli huogelea navyo. Gameti ni za aina mbili, chanya na hasi, na kwa umbo hazitofautiani. Jeni moja iitwayo MID, inayoamka naitrojeni inapokosekana, ndiyo huifanya seli kuwa hasi. Vijeledi vya aina hizo mbili vikigusana hunatana, ishara hupita ndani, kimeng'enya huyeyusha kuta za seli, na gameti chanya husukuma kijirija chembamba kinachoifikia hasi. Zaigoti, yaani seli inayotokana na muungano huo, huogelea kwa muda ikiwa na vijeledi vinne, kisha hujivika ukuta mnene unaostahimili ukavu, na hali ikiwa nzuri tena hutoa seli nne, chanya mbili na hasi mbili.

Haya yamechunguzwa zaidi maabarani katika spishi hii moja, na si kila mwani wa kijani hufuata utaratibu huu. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba gameti ambayo haijaungana bado ina njia ya kurudi: ikipewa amonia, ambayo ina naitrojeni, hujenga upya ribosomu zake, huacha ugameti, na kuendelea kujigawa kama hapo awali.