Mishipa haikumaliza shida ya maji

Muulize mwanafunzi yeyote wa sekondari hapa Tanga tofauti kati ya mimea yenye mishipa, yaani mirija ya ndani ya kusafirisha maji na chakula, na isiyo na mishipa, atakujibu bila kusita: mmea wa mosi hauna mizizi, shina wala majani ya kweli, kangaga na mwembe vinavyo. Atapata alama zake zote. Mimi ninayefundisha botania sina ugomvi na jibu hilo, ila linaacha nusu ya habari. Mimea ilipohamia nchi kavu ilikuwa na shida mbili za maji. Kwanza, kuyafikisha maji hadi kwenye majani. Pili, kuifikisha chembe ya kiume kwenye yai, maana chembe hiyo ilizoea kuogelea. Mishipa iliondoa shida ya kwanza tu.

Mosi ndilo lile zulia fupi la kijani unaloliona baada ya masika kwenye kuta za zamani na pembeni ya visima. Ule utelezi unaomwangusha mtu bafuni ni kitu kingine, ni mwani. Ukitaka kuiona mosi kwa wingi, pita Muheza, panda hadi Amani katika Usambara Mashariki, ambako ukungu huvisha magogo na matawi kijani kitupu.

Jani la mosi kwa kawaida lina unene wa seli moja, hivyo maji huingia papo hapo kupitia uso wake. Vinyuzi vinavyolishika jiwe, yaani raizoidi, kazi yake kubwa ni kushikilia. Maji yakishaingia husafiri seli hadi seli, mwendo wa taratibu, na ndiyo maana mosi nyingi hazivuki sentimita chache. Hapo wataalamu tuna ubishi wetu: mosi za kundi (jenasi) la Dawsonia, huko New Zealand na Australia, zina nyuzi za seli zinazopitisha maji na hufikia nusu mita. Hazina lignini lakini, ile dutu inayoufanya mbao kuwa ngumu, kwa hiyo bado tunaziweka upande wa wasio na mishipa. Mimi naona mstari huo tumeuchora sisi kwa urahisi wa kufundishia.

Na mtu asiidharau mosi. Nyingi hukauka mpaka zikavunjika mkononi, kisha mvua moja ikazirudishia uhai. Mchicha wako ukikauka hivyo ndiyo basi tena.

Upande wa pili, wa mimea yenye mishipa, mishipa hiyo ni ya aina mbili: zailemu ya maji na floemu ya sukari. Seli za zailemu zinazopitisha maji hufanya kazi zikiwa zimekufa. Zimebaki kuta ngumu zenye lignini, zimeungana kama mabomba. Hakuna pampu chini. Jua linapofukuza mvuke majanini, uzi wa maji huvutwa kutoka juu, na lignini huzuia mabomba yasibonyee. Kwa njia hiyo mti wa Entandrophragma excelsum uliotangazwa mwaka 2016 kuwa mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika, kule Kilimanjaro, unafikisha maji mita 81.5 juu. Floemu ni seli hai, nazo hugawa sukari popote inapohitajika, juu au chini.

Sasa uzazi, ambako wanafunzi wengi hupotea.

Mimea yote ya nchi kavu huishi kwa vizazi viwili vinavyopokezana. Aliyeonyesha hivyo kwa ufasaha ni Wilhelm Hofmeister wa Leipzig, mwaka 1851, mtu aliyejifundisha mwenyewe huku akifanya kazi katika biashara ya baba yake. Kizazi kimoja hutengeneza gameti, yaani mayai na chembe za kiume. Kingine hutengeneza spora, yaani chembe ndogo kama vumbi zinazoota zenyewe. Swali la kuuliza kwa kila mmea ni hili: kizazi gani ndicho unachokiona?

Kwa mosi, zulia la kijani ni kizazi cha gameti, chenye seti moja ya kromosomu, yaani vibeba urithi. Mvua ikinyesha, chembe za kiume zenye mikia miwili huogelea kwenye utando wa maji hadi kwenye yai. Kutokana na yai hilo huota kijiti chembamba chenye kidonge juu, nacho hakiachani na mama yake. Hunyonya chakula kwake mpaka kidonge kipasuke na spora zipeperuke.

Kangaga limegeuza mambo. Hapa jani kubwa unaloliona ni kizazi cha spora, na vile vidoa vya kahawia chini ya jani, ambavyo watu wa bustani huniletea wakidhani ni wadudu, ni mafungu ya vifuko vya spora. Spora ikitua penye unyevu haioti kangaga. Inaota kijimea kidogo chenye umbo la moyo, kipana milimita chache, kisicho na mishipa. Hapo ndipo gameti zinapotengenezwa, na chembe ya kiume inaogelea vilevile. Mabomba yote yale, lakini siku ya kuoana kangaga linasubiri tone la maji.

Walioondokana na kusubiri mvua ni mimea ya mbegu, kwa sababu ya chavua, ule unga unaobeba chembe za kiume. Tena hawakuondokana nayo kwa mkupuo mmoja. Mtapo wa pwani yetu, Encephalartos hildebrandtii, una chavua na una mbegu. Hata hivyo chembe zake za kiume bado zina mikia na huogelea, ila ndani ya kimiminika kilichofichwa kwenye koni ya kike. Jambo hilo liligunduliwa Japani mwaka 1896, kwa mti wa ginkgo na kwa ndugu wa mtapo. Mimea ya maua imeacha kuogelea kabisa: chavua huotesha mrija unaozipeleka chembe mbili mpaka mahali penyewe. Moja hurutubisha yai, ya pili huanzisha chakula cha kiinitete, yaani mmea mchanga ndani ya mbegu. Maji ya dafu ni chakula hicho kikiwa bado hakijaganda kuwa nyama ya nazi.

Halafu kuna mkonge, ambao una mishipa na maua lakini kwa mbegu ni mvivu. Hutoa mlingoti mmoja maishani, maua huanguka, na mahali pake huota vikonyo, yaani miche midogo iliyo nakala tupu ya mama. Vikonyo 1,000 alivyoagiza Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, kutoka Florida mwaka 1893 vilifika Tanga vikiwa hai 62 tu, na mashamba yakaanzia hapo. Nakala hazileti sifa mpya. Watafiti wa kituo cha mkonge cha Mlingano, hapa Tanga, walipotaka mkonge wenye majani mengi zaidi, iliwabidi warudi kwenye chavua na mbegu kwa kuchanganya Agave amaniensis na Agave angustifolia, ndipo ikapatikana chotara 11648. Siku hizi nayo inaongezwa kwa vikonyo.