RAM imekaa vizuri, skrini bado nyeusi

Feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini skrini haionyeshi kitu. Ukiniletea kompyuta ya mezani uliyoiunda mwenyewe ikiwa katika hali hiyo, na ndani yake kuna DDR5, kizazi cha RAM kilichofuata DDR4, kwanza nitaiwasha na kuiacha. DDR5 inapowashwa mara ya kwanza, ubao mama na prosesa hujaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine, wakitafuta ule unaopitisha ishara bila makosa, na shughuli hiyo huweza kuchukua dakika kadhaa. Nimewaona watu wakikata umeme dakika ya pili, wakawasha, wakakata tena, na kila mara kazi inaanza upya. Mwishowe RAM isiyo na kasoro yoyote inarudishwa dukani. Mimi huipa robo saa kabla ya kushika bisibisi.

Robo saa ikipita bila picha, nazima, nachomoa waya wa umeme, naangalia RAM yenyewe. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, ila pengo la katikati halipo mahali pamoja, kwa hiyo moja haiingii kwenye sloti ya nyingine. Ikikataa, usiisukume. Inayosumbua zaidi ni ile inayoingia bila ubishi kisha isifanye kazi: RAM ya DDR4 iliyotolewa kwenye seva. Ina chipu ya ziada inayopokea amri kabla hazijafika kwenye kumbukumbu, na prosesa za kawaida za mezani haziwezi kuzungumza nayo. Isome lebo. Ukiona RDIMM, au herufi R baada ya namba ya kasi, kama PC4-2400T-R, hiyo si yako. Ya mezani huwa na U.

Halafu sloti. Ubao wenye sloti nne ukiwa na RAM mbili, karibu kila mara zinatakiwa ziwe kwenye sloti ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa. Wengi huzijaza za kwanza kwa sababu ziko karibu. Kwenye mbao nyingi, njia ya ishara hupita sloti ya kwanza na kuishia ya pili. Ukiweka RAM kwenye ya kwanza, kile kipande cha njia kinachobaki wazi hurudisha ishara kama mwangwi, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo mwangwi huo unavyoharibu data.

Kesi ninazozipata kwa wingi, hata hivyo, hazihusu RAM isiyoingia. Zinahusu namba ya kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Umenunua RAM ya 6000, ukaamini ni mali ya RAM peke yake. Lakini tangu prosesa ya Athlon 64 ya mwaka 2003 kwa AMD, na 2008 kwa Intel, kidhibiti cha kumbukumbu kimehamia ndani ya prosesa. Kasi ile inahitaji makubaliano ya watatu: RAM, ubao mama na prosesa. RAM nyingi za aina hiyo huanza na kasi ya kawaida, mara nyingi 4800, mpaka uwashe XMP au EXPO, yaani mpangilio wa kasi ya juu uliohifadhiwa ndani ya RAM, kwenye BIOS, ile programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, na hapo tayari umevuka kiwango ambacho watengenezaji wamekiahidi kwa prosesa nyingi. Prosesa ya AMD ya Ryzen 7000, kwa mfano, imeahidiwa 5200 ikiwa na RAM mbili. Ukiweka nne, ahadi inashuka hadi 3600.

Namba hiyo ya mwisho imewahi kuniokoa. Mteja mmoja alikuwa na RAM mbili za GB 16, zikienda 6000 bila tatizo. Akaongeza mbili nyingine, kampuni ileile, namba ileile ya bidhaa. Skrini nyeusi. Alikuja akiamini ameuziwa mbovu. Nilizijaribu zile mpya peke yake: safi. Za zamani: safi. Nne kwa pamoja nikaziweka 3600, zikapita jaribio la usiku kucha bila kosa hata moja. Hakuna kilichokuwa kibovu. Prosesa ilikuwa imebebeshwa mzigo ambao haikuahidi kuubeba. Tena, namba ya bidhaa kufanana hakukuhakikishii kwamba chipu za ndani zinafanana, maana watengenezaji hubadilisha chipu bila kubadilisha jina. Ndiyo sababu ninasisitiza: ukitaka GB 64, nunua mbili za 32 zilizofungwa pamoja, usikusanye nne.

Namna yangu ya kutafuta tatizo ni kupunguza. RAM moja, sloti ya pili, BIOS irudishwe kwenye mipangilio ya kiwandani, XMP izimwe. Ikiwaka, naibadilisha na nyingine palepale, kisha najaribu sloti. Kama RAM ni za GB 24 au 48, naangalia toleo la BIOS, kwa sababu ukubwa huo ulianza kuuzwa 2023 na mbao zilizotoka kabla huwa hazizitambui mpaka zisasishwe. Sasisha ukiwa kwenye kasi ya kawaida. Kuandika BIOS huku kumbukumbu inakosea ni kuhatarisha ubao mzima.

Na kufunguka kwa Windows si ushahidi. Tumia MemTest86, programu ya kupima RAM, iache izunguke raundi zote nne. Kosa moja likitokea, kasi hiyo haifai, hata kama michezo yako inaenda vizuri, kwa kuwa kosa hilohilo linaweza kuangukia faili unayoihifadhi.

Kuna dalili moja inayowapoteza hata mafundi: umeweka GB 32, kompyuta inaona 16, na ukibadilisha RAM bado ni sloti zilezile zinazokataa. Hapo ninaacha RAM kabisa. Nalegeza skrubu za kipoza joto, nazikaza upya kwa mshazari, kidogo kidogo, maana mgandamizo wa upande mmoja huweza kuiinua prosesa kidogo tu, ikatosha kukata mguso. Isipotosha, naitoa prosesa na kumulika soketi kwa tochi, nikiitazama kutoka pembeni. Pini moja iliyoinama huonekana kwa jinsi inavyong'aa tofauti na wenzake.