Kompyuta imeamka, intaneti haijaamka

Mafundi wengi wa hapa Mjini wana dawa moja kwa laptopu inayopoteza intaneti kila ikiamka: wanazima haibaneti, mteja analipa, basi. Mimi siitumii dawa hiyo, na sababu ni umeme wetu. Umeme ukikatika na betri ikakaribia kwisha, haibaneti ndiyo inayookoa ripoti uliyokuwa hujaihifadhi. Kompyuta inachukua kila kilichomo kwenye memori, inakiandika kwenye diski katika faili liitwalo hiberfil.sys, kisha inajizima. Ukiiwasha, inakisoma tena na kazi zako zinarudi. Ya nini kuitupa kinga hiyo kwa kosa lisilokuwa lake?

Kosa huwa ni la kadi ya mtandao na draiva yake, yaani programu inayoiendesha. Memori imerudi kama ilivyokuwa jana, kwa hiyo Windows inaamini kadi bado iko kazini, kumbe ilikatiwa umeme na sasa haikumbuki chochote. Ni juu ya draiva kuipanga upya. Ikiwa ya zamani au mbovu, inaiacha imezubaa.

Kabla hujagusa kitu, unganisha simu kwenye waifai hiyohiyo. Nayo ikikosa intaneti, kaangalie ruta, au pengine bando limekwisha. Simu ikipata, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike ipconfig. Anwani ya kompyuta kwenye mtandao (mstari wa IPv4 Address) ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajitungia yake. Andika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew. Ikiwa anwani ni nzuri ila kurasa hazifunguki, jaribu ipconfig /flushdns.

Halafu kuna ile ya "zima uwashe", na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi ukizizima hazizimiki kikamilifu. Programu zako zinafungwa, lakini kiini cha Windows pamoja na draiva zake kinahifadhiwa kwenye diski kwa njia ileile ya haibaneti, ili asubuhi iwake haraka. Kwa hiyo unaweza kuizima usiku, ukaiwasha asubuhi, na ugonjwa ukaukuta palepale. Chagua Restart, ndiyo inayoanza upya kweli. Ukichoka na mchezo huo, nenda kwenye mipangilio ya umeme uondoe alama kwenye Fast Startup. Haibaneti yenyewe itabaki. Lakini ukitumia amri ya powercfg /h off, kama wanavyofanya wale mafundi, vyote viwili vinaondoka.

Dawa ninayoanza nayo mimi iko kwenye Device Manager. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X utaiona. Fungua Network adapters, ingia kwenye kadi yako ya waifai, kisha ukurasa wa Power Management, uondoe alama inayoiruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Betri itapungua kidogo zaidi; si hasara ya kulilia. Laptopu nyingine mpya hazina ukurasa huo. Kwa hizo, pakua draiva kutoka tovuti ya aliyetengeneza laptopu, na uipakue kwa simu, maana kompyuta yenyewe haina intaneti!

Laptopu za mtumba zina kisa chao. Betri ndogo ya saa ikifa, na ile kubwa ikaisha kabisa, saa inarudi nyuma miaka. Waifai inaonekana imeunganishwa, lakini kila tovuti inalalamika kuhusu usalama. Rekebisha tarehe kwanza, halafu ununue betri. Nyingi ni CR2032. Na ikiwa laptopu imelazwa afisini na kuamshwa nyumbani, angalia kama fundi wa afisini aliiwekea anwani ya kudumu. Irudishe ijitafutie yenyewe.

Kadi ikitoweka kabisa kwenye Device Manager, zima kompyuta, chomoa chaja, toa na betri kama inatoka, ushikilie kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha uwashe. Isiporudi, mpelekee fundi afungue mfuniko wa chini, asafishe miguu ya kadi na kuichomeka upya; hewa yetu ya chumvi hula chuma. Ikishindikana hapo, nunua kadi ndogo ya waifai ya kuchomeka kwenye tundu la USB, uendelee na kazi.