Haiui kizazi, inaharibu mimba: hivyo ni vitu viwili

Jana tena. Mama kaja na binti yake wa miaka 19, zile chunusi za mavimbe ya ndani, taya lote makovu, kashameza doksisaiklini, ile antibayotiki, miezi minne, kashapaka kila kitu, nikaandika isotretinoini, vidonge vya chunusi sugu. Cheti kiko mezani, mama anakirudisha kwangu taratibu kwa kidole kimoja. "Daktari, hii si ndo inaua kizazi?" Nimechoka kulijibu hili mtu mmoja mmoja, leo naandika.

Kizazi ni kitu kimoja, mimba ni kitu kingine. Hii dawa haikuzuii kuzaa baadaye. Inachofanya ni kumharibu mtoto aliyeko tumboni wakati dawa iko kwenye damu: masikio, uso, moyo, ubongo. Mimba zilizokutana nayo zikiendelea, asilimia 20 hadi 35 ya watoto wanazaliwa na kasoro kubwa, na hakuna dozi ndogo kiasi cha kuwa salama.

Na huko kuchanganya kuna hatari ambayo watu hawaioni. Dada mmoja aliwahi kuniambia ameacha sindano ya uzazi wa mpango, maana "si dawa yenyewe inafunga kizazi". Alikuwa anaamini kabisa. Tukapima palepale, hana mimba, ila zile dakika za kusubiri mstari wa pili kwenye kile kikadi sitaki kuzirudia. Yaani uvumi uleule unaomfanya mmoja abaki na makovu ndo unampa mwenzake ruhusa ya kushika mimba katikati ya dozi!

Kwa hiyo kwangu bila kipimo cha mimba, hakuna dawa. Uzazi wa mpango unaanza mwezi mmoja kabla, unaendelea muda wote, na mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho, na kila mwezi tunapima. Kitanzi au kijiti ndo naviamini zaidi, na kondomu juu yake, vidonge watu wanasahau. Hedhi ikichelewa usiseme kizazi kimekufa, dawa inaweza kuivuruga kweli, lakini pima mimba kwanza.

Kwa nini mwezi mmoja tu? Kwa sababu nusu ya dawa inatoka kwenye damu ndani ya siku moja hivi, mwezi ukiisha na yenyewe imeisha. Nahisi hofu imetoka kwa ndugu yake, asitretini, ile ya soriasisi (ugonjwa wa ngozi ya magamba), ukichanganya na pombe inageuka kitu kinachojificha kwenye mafuta ya mwili, na hiyo unasubiri miaka 3. Watu wakasikia miaka mitatu bila kuzaa, wakaifanya milele. Kaka zangu, kinachofika kwenye shahawa ni kidogo mno, mke akishika mimba msiogope, ila msimgawie vidonge vyenu, na damu msichangie mpaka mwezi upite.

Mengine haraka. Meza na chakula chenye mafuta, tumbo tupu unapoteza karibu nusu ya dozi. Midomo itakauka, vaselini iwe mfukoni. Doksisaiklini acha, zikikutana presha ya ndani ya kichwa inaweza kupanda, na vidonge vya vitamini A weka kando. Ini na mafuta ya damu napima kabla, halafu kati ya wiki ya 4 na ya 8, yakiwa sawa na dozi haijapanda sirudii kila mwezi, hiyo ni kummaliza mtu hela.

Kinachonisumbua mwenyewe ni sonona. Tafiti kubwa kwa ujumla hazijaikuta dawa na hatia, na wengi wanachangamka uso ukisafika, lakini nilikuwa na kijana aliyebadilika wiki ya tano, akanyamaza, halali, tukaacha dawa akarudi kuwa yeye. Ni dawa? Siwezi kuapa ndiyo, siwezi kuapa hapana. Kwa hiyo kila anayerudi namuuliza analalaje na anajisikiaje, kabla hata sijaangalia uso.

Kwa yule binti, nilimwomba mama atusubiri nje kidogo, maana maswali ya uzazi wa mpango hayajibiki mama akiwa amekaa pembeni. Tuliyoongea yamebaki mle ndani. Mama aliporudi nikamweleza upya, kizazi hiki, mimba hii, mara mbili, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono. "Haya, nipe hicho cheti."