Sonona (ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa): vidonge au ushauri nasaha? Maswali ya dada wa mwaloni Kirumba

Swali: Mume wangu ni mvuvi, tangu injini ya mtumbwi iibiwe, usiku halali, chakula hali, ziwani haendi, anasema amechoka kuishi. Hospitali wamempa vidonge vya sonona katumia siku kumi kaacha, eti vinamkausha mdomo tu. Si bora ushauri nasaha peke yake?

Jibu: Pole sana dada. Kabla ya vidonge, hilo la kuchoka kuishi usiliache lipite. Muulize wazi kama anafikiria kujiua, kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo kichwani, usimwache peke yake, dawa na sumu zote ficha, na mrudishe hospitali leo leo. Hospitali ya Bugando hapo Mwanza wana idara ya afya ya akili.

Sasa vidonge. Siku kumi ni chache mno, hizi dawa kama amitriptilini na fluoksetini zinataka wiki 2 mpaka 4 ndo mtu aanze kuona nafuu, wengine zaidi, na shida ni kwamba maudhi ya dawa yanatangulia, nafuu inakuja nyuma, ndo maana wengi wanaacha katikati. Mdomo kukauka ni kawaida ya amitriptilini, amwambie daktari, anaweza kumbadilishia. Ila hiyo dawa ikizidishwa inaua, kwahiyo itunze wewe.

Swali: Hatakuwa teja?

Jibu: Hapana, hazina alosto, ile kiu kali ya kutafuta dawa, kama unga wa kulevya. Ila asiache ghafla, atapata kizunguzungu na usingizi utavurugika. Hata akipona aendelee miezi 6 au zaidi, kuacha ni taratibu na daktari.

Swali: Huo ushauri si maneno tu?

Jibu: Maneno yenye kazi dada. Sonona ikiwa ndogo ushauri ndo wa kuanzia, ikiwa kali kama ya mzee wako anahitaji vyote viwili. Mshauri hamwambii jikaze mwanaume, anakaa nae wanachambua tatizo moja moja, deni la injini, nani wa kuongea nae, wiki hii aanze na lipi. Zimbabwe tangu 2006 kuna mabibi waliofundishwa na daktari Dixon Chibanda, wanakaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki, utafiti wa 2016 ukaonyesha wagonjwa walipata nafuu kweli.

Alafu kama kuna kipindi aliwahi kuchangamka kupita kiasi, halali siku kadhaa na wala hachoki, anamwaga hela, mwambie daktari, maana dawa za sonona peke yake zinaweza kumrudisha huko.